Kijiti cha Kwanza

Haya yote ni kweli tupu, na msimulizi anaapa. Anaapa kwa kiinua mgongo chake, ambacho kiliisha zamani. Na kwa kuwa kiapo cha kitu kilichoisha hakina uzito, anaapa pia kwa mtamba wake mwekundu, yule anayefungwa nyuma ya nyumba yake pale Bariadi, ambaye kila mpita njia humwulizia bei na kuambiwa hauzwi. Likikutwa neno moja la uongo humu ndani, mtamba huyo afunguliwe kamba aende kwa atakayelikamata neno lenyewe. Wasikilizaji watafute. Hawatalipata.

Basi pale Bariadi kuna dalali wa mnada wa ng'ombe aitwaye Ndalahwa. Kimo chake ni cha kawaida, kifua cha kawaida, na ukimkuta dukani ananunua chumvi hutageuka kumtazama mara ya pili. Lakini akipanda juu ya ule ubao wake mlangoni mwa zizi la mnada na kufungua kinywa, hata ng'ombe wanaacha kucheua. Siku moja aliletewa dume kongwe, jicho moja, mbavu zote nje kama paa la nyumba isiyoezekwa. Ndalahwa akalisifia taratibu, bila kutaja hata sifa moja ya uongo. Alieleza tu jinsi jicho moja linavyomtosha mnyama asiye na tamaa ya shamba la mtu. Dume likasimama wima. Mwenye dume naye, aliyekuwa amelileta ili aondokane nalo, akaanza kulipandia bei yeye mwenyewe, akawashinda wanunuzi wote, akarudi nalo nyumbani akiimba.

Mwaka wa uchaguzi wagombea udiwani walimgombania yeye kuliko walivyogombania kura. Mmoja alimpata, akamwomba amtambulishe mkutanoni. Ndalahwa akamsimamisha jukwaani, akamzungusha polepole ili watu wamwone pande zote, akawaambia huyu hana kovu, meno anayo yote, na hajawahi kuvunja ua la jirani. Watu walishangilia mpaka vumbi likafunika jua. Mgombea mwenyewe alilia, maana siku zote hakuwa amejua kwamba yeye ni mzuri kiasi kile. Mpinzani wake, aliyekuwa amesimama pembeni kusikiliza tu, aliitikia kwa kichwa, na wapambe wake wakamwona.

Hilo la kuitikia kwa kichwa lishikwe vizuri, kwa sababu ndilo lililoleta balaa. Mnadani mnunuzi hapigi kelele. Anasimama kimya kama amekuja kutazama tu, kisha kichwa chake kinashuka kidogo, na dalali anajua mtu huyu amepanda. Kichwa kikishuka, bei imepanda. Ndalahwa alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi mno, hata macho yake yakawa yanaokota vichwa popote yalipo. Kanisani, mhubiri akihubiri, yeye alikuwa akitazama vichwa vya waumini, na wakitoka nje angeweza kukwambia mahubiri ya leo yamefika bei gani.

Sasa pale mtaani kwao alikuwapo mjane aitwaye Rahel. Mumewe, marehemu Danford, alimwachia mtoto mmoja wa kiume, Josia, fundi wa baiskeli na plau. Josia alimpenda Nyamizi, muuguzi wa zahanati moja kule Ipililo, upande wa Maswa, na Nyamizi alimpenda Josia, jambo ambalo lingetosha kabisa kama dunia ingekuwa na watu wawili. Lakini Nyamizi alikuwa na baba, mzee Maganga, na mzee Maganga alikuwa amekwisha kusikia kwamba pamba ikishauzwa, mfanyabiashara mmoja wa Lingeka mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno atafika na wazee wake. Akawatumia watu wa Josia habari kwamba waje kupanga mahari kabla ya huyo, wakifika wafike na la kueleweka, na wasipoeleweka wasirudi.

Zizini kwa Rahel kulikuwa na ng'ombe wanane. Saba alikuwa tayari kuwatoa kwa ajili ya mwanawe bila kunung'unika. Wa nane alikuwa Kampeni. Kampeni alinunuliwa mwaka wa uchaguzi kwa fedha ya mwisho ya pamba aliyoilima Danford kwa mkono wake, na akaitwa jina hilo kwa sababu tangu siku ya kwanza alikuwa akilia kutwa nzima bila kusema anataka nini. Maziwa yake ndiyo yaliyomweka Rahel mjini. Ukimwondoa Kampeni, unamwondolea Rahel sukari, sabuni, na mtu wa kuzungumza naye asubuhi.

Kwa hiyo Rahel alikwenda kwa Ndalahwa. Alimweleza kila kitu, akamwomba awe msemaji wao. Alimwambia ulimi unaoweza kulipandisha bei dume lenye jicho moja hauwezi kushindwa kuwashusha wazee wa Ipililo. Saba, alimwambia. Wa nane usimguse. Ndalahwa akaguswa sana, kwa kuwa maishani mwake hakuna aliyewahi kumwomba afanye kitu kiwe rahisi. Alikataa malipo. Akaomba kibuyu cha maziwa ya mgando ya Kampeni, akayanywa palepale akiwa amesimama, akasema kazi imekwisha.

Wakapanda Noah ya kukodi. Walikuwa Ndalahwa, Thomas aliyekuwa shemeji yake Rahel, Rahel mwenyewe, na jirani mmoja mstaafu, mwenye kofia ya kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa heshima sana ambaye jina lake halina umuhimu katika habari hii.

Kule Ipililo desturi yao ni hii. Ngozi ya ng'ombe inatandikwa chini, upande mmoja wanakaa wa mwoaji, upande wa pili wanakaa wa binti. Kila ng'ombe ni kijiti cha bua la mtama. Msemaji wa mwoaji ndiye anayeweka vijiti juu ya ngozi kwa mkono wake, na akishaweka, upande wake hauna ruhusa ya kuviinua tena. Wa upande wa binti tu ndio wanaoweza kuinua, wakitaka, na tangu ngozi zianze kutandikwa hakuna aliyewahi kusikia wametaka. Wanawake wa pande zote mbili wanakaa jikoni. Rahel akakaribishwa humo na mama yake Nyamizi, Philomena, mwanamke mnene mwenye cheko la karibu, na wote wawili wakasogeza vigoda vyao mpaka kwenye kidirisha cha kutolea moshi, ambako ngozi ilionekana yote.

"Mwadila," alisema Ndalahwa.

Hiyo ni salamu tu ya mchana, ambayo kila mtu huisema mara elfu. Lakini aliisema kama mtu anayefungua mlango wa ghala, kisha akanyamaza ili waone kilichomo. Wazee wa Ipililo wakajibu mhola, na wakajikuta wamekaa wima. Akawauliza mvua. Akanyamaza. Akawauliza pamba. Akanyamaza. Akawauliza ndama waliozaliwa, na aliponyamaza mara hiyo, mzee mmoja aliyekuwa kiziwi tangu ujana wake alisema wazima, tunashukuru.

Philomena aliacha mwiko ndani ya sufuria, akamwita mwenzake mama kwa Kisukuma. "Mayu, huyu mmemtoa wapi?"

"Mnadani," alisema Rahel.

"Basi leo tumekwisha."

Rahel akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Na kweli, mwanzo ulikwenda kama alivyoota. Ndalahwa aliweka vijiti saba, kimoja kimoja, na kila kimoja alikipa maneno machache ya heshima, hata vile vijiti vikaonekana vinene kuliko vilivyokuwa. Alipomaliza, wazee wa Ipililo walitazamana kwa namna ya watu walioshiba kabla ya chakula kuletwa. Mambo yangeweza kuishia hapo, watu wakala, wakarudi Bariadi na jua lao.

Lakini upande wa binti nao ulikuwa na msemaji, na ilikuwa zamu yake. Alikuwa Ansbert, ofisa elimu aliyeletwa Simiyu na kazi kutoka huko Kagera, akastaafu, akajenga jirani na Maganga. Mtu mwema kabisa. Ila alizungumza kama anayesoma tangazo la kikao. Akasema kwanza, binti ni mhitimu. Pili, binti ameajiriwa. Tatu, binti hana rekodi ya utovu wa nidhamu.

Rahel aliona kupitia kidirisha jinsi Ndalahwa alivyoanza kuteseka. Ilikuwa kama kumtazama mpishi mzuri aliyekaa kwenye nyumba ya watu na kusikia kitunguu kinaungua. Kwanza alijikuna shingo. Halafu akafumba macho. Ansbert alipofika kwenye nne, kwamba binti ana uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa, Ndalahwa alikuwa amekwisha kusimama.

"Mwalimu, uniwie radhi," alisema. "Kitu kizuri namna hii hakisemwi hivyo. Kaa kidogo nikuoneshe."

Thomas alimvuta shati. Ndalahwa hakuhisi. Ansbert, ambaye alikuwa amechoka kuzungumza, akakaa kwa furaha.

Kilichofuata, wale waliokuwapo huwa wanakieleza kila mtu kwa namna yake, na wote wanashusha sauti wakifika hapo. Ndalahwa hakupaza sauti. Aliwaambia wazee wasimtafute binti kwa macho, maana wakimtazama watamwona msichana tu, na wasichana wako wengi. Wafumbe macho. Wakafumba. Jogoo aliyekuwa akipita uani akasimama na mguu mmoja juu.

Akawauliza ni mtoto gani wa Ipililo ambaye hajachomwa sindano na mkono wa Nyamizi. Akanyamaza. Akauliza ni nani kati ya watoto hao aliyelia. Akanyamaza tena, muda mrefu zaidi, na katika ule ukimya kila mzee alimwona mjukuu wake akiwa mapajani mwa yule binti, akicheka, na sindano imekwisha kutoka.

"Sasa," alisema, "mkono ambao sindano yake haiumi, mnadhani ugali wake ukoje? Mkono huo ukimfunika mgonjwa shuka, mnadhani mgonjwa anakumbuka kufa? Na kuna nyumba moja Bariadi. Kiti kimoja ndani yake hakijakaliwa tangu mwenyewe aondoke. Mama wa nyumba hiyo anakifuta vumbi kila siku, na akimaliza anakaa kwingine. Mkono huu ukiingia humo, ukashika kitambaa, ukamwambia mama, lete nifute mimi. Nauliza tu. Kiti hicho kitaendelea kuwa kitupu?"

Jikoni, Rahel alishika ukingo wa kidirisha. Hakuwa amemwambia mtu habari ya kile kiti. Hakujua kama inasemeka. Alimwona Nyamizi ndani ya nyumba yake, kitambaa mkononi, alimwona kabisa, na chozi lilimtoka likaangukia kwenye magoti bila yeye kuwa na habari nalo. Alikuwa amekuja kutafuta mke wa Josia. Sasa aliona kwamba bila binti huyu hata kuta za nyumba hazitasimama.

Kule nje, upande wa mwoaji, kichwa cha kwanza kilishuka. Ni cha nani, haijulikani mpaka leo. Wengi wanamshuku Thomas. Yule jirani mwenye kofia ya kiwanda yeye alikaa kama jiwe la Usukuma, hakutikisika ukope. Lakini macho ya Ndalahwa yaliokota kichwa hicho palepale, na mkono wake, wenyewe, bila kumwuliza mwenye mkono, ukaokota kijiti na kukiweka juu ya ngozi. Cha nane.

Akaendelea. Akasema jinsi Nyamizi anavyopita njiani, kwamba haongezi mwendo akimwona tajiri wala hapunguzi akimwona maskini. Kichwa kikashuka, kijiti kikawekwa. Akasema jinsi anavyoita wagonjwa, kila mmoja kwa jina la mama yake. Vichwa viwili, vijiti viwili. Alikuwa ameingia mnadani, na upande wa mwoaji, ambao ndio pekee uliokuwa na ng'ombe wa kupoteza, ulikuwa ukiitikia kwa vichwa kama mtama kwenye upepo. Wazee wa Ipililo walikuwa wamefumba macho bado. Maganga mwenyewe, aliyemlea huyo binti tangu akiwa mchanga, alikuwa akijiuliza ni nani huyu wa ajabu anayeishi nyumbani kwake.

Philomena ndiye aliyeona. Ng'ombe wote wale walikuwa wakija kwake, lakini alimgusa Rahel begani.

"Mayu. Vijiti."

Rahel akatazama ngozi. Vilikuwa vimepita vidole vya mikono yake yote miwili na kuanza vya mguu. Alimwona Kampeni akifunguliwa kamba, na nyuma ya Kampeni akaona ng'ombe wasiokuwapo duniani, ambao angedaiwa mpaka kaburini, na nyuma yao akaona Noah ya mtu wa Lingeka ikiingia. Na jambo lililomtisha kupita yote ni kwamba hata wakati anaona hayo, kichwa chake mwenyewe kilikuwa kikishuka na kupanda.

Akakishika kwa mikono miwili. Akasimama, akatoka jikoni, akatembea mpaka kwenye ngozi, mahali ambapo mwanamke wa upande wa mwoaji hajawahi kukanyaga. Wazee wakafumbua macho. Ndalahwa akanyamaza, akamwona, akafuata macho yake mpaka chini, na alipoviona vijiti, uso wake ukawa kama wa mtu aliyeamka usingizini na kukuta amelala kwenye shamba la jirani.

"Mayu," alisema kwa sauti ndogo, "ulimi umenitoroka."

Kila mtu alingoja Rahel apige kelele. Hakupiga. Alipiga goti kwa heshima mbele ya Maganga, akaomba radhi kwa kuingia, kisha akasema jambo lake.

"Baba Nyamizi, mimi sirudishi hata kijiti kimoja. Binti amenadiwa na amefika bei yake. Ila mnada huu ni nusu. Wa kwangu bado hajanadiwa."

Ansbert, ambaye alipenda utaratibu, akasema kwa kweli hoja hiyo ina mantiki. Maganga akawageukia wazee wake. Hapo msimulizi anasema wazi: wazee wa Ipililo hawakukubali kwa ajili ya haki wala mantiki. Walikubali kwa sababu walitaka kusikia tena. Walikuwa na kiu, na mwenye maji alikuwa amesimama mbele yao. Wakaweka sharti moja: kila kichwa cha upande wao kitakachoshuka, mwenye kichwa atainua kijiti kwa mkono wake. Walicheka walipoliweka, maana walijua vichwa vyao ni vizito.

Ndalahwa alijifuta uso. Akakaa kimya mpaka watu wakaanza kumwonea aibu. Halafu akasema hana cha kumsifia huyu Josia. Ni mfupi. Masikio yamejitokeza. Shamba hana la maana. Anayo baiskeli moja, na ingawa ni fundi wa baiskeli, ya kwake haina breki. Wazee wakacheka, wakakaa vizuri, mikono nyuma ya vichwa. Rahel, aliyekuwa bado amepiga goti, alihisi ardhi inashuka.

"Hiyo baiskeli ndiyo ninayotaka kuisema," alisema Ndalahwa.

Akasimulia siku moja ya kiangazi, mnada umefurika, yeye yuko juu ya ubao wake, mkono hewani, bei iko njiani. Akaona kijana anapita barabarani anasukuma baiskeli. Nyuma amefungwa mgonjwa, mtu mzima, kichwa kimelala. Walikuwa wanakwenda hospitali. Lilikuwa ni jua lile la saa saba, ambalo hata mbuzi wanalikimbia. Na barabarani pale, upande wa kushoto, kuna kivuli cha maduka, njia nzima. Mtu yeyote angepita humo.

"Kijana hakupita kwenye kivuli," alisema. "Nikajiuliza, huyu ni mjinga? Kumbe baraza za maduka zina ngazi, baiskeli yenye mgonjwa haipiti. Basi alibaki juani, na alitembea upande wa jua. Akikunja kona, anahama upande. Jua likihama, anahama. Nilishusha mkono wangu nikatazama vizuri. Alikuwa anatembea mahali ambapo kivuli chake kitaangukia usoni kwa baba yake. Njia yote. Mwenyewe anaungua, mzee amelala kwenye kivuli chenye umbo la mwanawe."

Alinyamaza.

Rahel hakuwa amejua. Siku ile yeye alikuwa ametangulia hospitali kupanga foleni. Josia alifika ngozi ya shingo imechubuka, na alipoulizwa alisema ni kamba ya baiskeli. Mama akatazama chini kwenye vumbi la Ipililo, na alichokiona pale kilikuwa kivuli, na kilikuwa na masikio yaliyojitokeza.

"Siku hiyo niliuza ng'ombe wawili tu," alisema Ndalahwa. "Ulimi haukufanya kazi. Sasa nyinyi mna binti, na jua la huku mnalijua. Kuna anayekuja na ng'ombe wengi, nami simsemi vibaya. Nauliza tu. Mnamtaka mwenye kundi kubwa, au mnamtaka anayejua atembee upande gani?"

Upande wa binti, kichwa cha kwanza kushuka kilikuwa cha yule kiziwi. Aliinuka mwenyewe, akainua kijiti, akakitazama kama mtu aliyeokota nyota, akarudi nacho kukaa. Kisha mwingine. Kisha wawili wakagongana wakiinama. Ansbert akainua kimoja, akasema kwa upande wake anaomba iingie kwenye kumbukumbu. Vijiti vikapungua kwenye ngozi kama mtama mbele ya ndege. Kule jikoni Philomena alikuwa ameshika kidevu chake kwa mikono yote miwili kulinda mali ya nyumba, na bado kikamponyoka, akamtuma mtu amwinulie chake. Maganga akabaki peke yake, amekumbatia kichwa kama anayezuia paa lisiondoke na upepo, machozi yanamtiririka kwenye viwiko, lakini kichwa amekishika. Juu ya ngozi vilibaki vijiti vinane. Saba, na kile cha kwanza kilichowekwa na kichwa kisichojulikana.

Na hapo, wasikilizaji, kikatokea kisulisuli. Kilitoka mashamba ya pamba upande wa Sola, kirefu kama mnara wa simu. Kikaingia uani kwa adabu, kikapita katikati ya wazee bila kumvua mtu kofia, kikainama juu ya ngozi, kikachukua kijiti kimoja, kimoja tu, kikaenda zake. Wazee wakatazamana. Wakasema upepo wa Ipililo ni wa upande wa binti, na upande wa binti una ruhusa ya kuinua. Ng'ombe wakabaki saba. Rahel akarudi nyumbani kwa Kampeni wake, Nyamizi akaolewa, na siku hizi kile kiti kinafutwa vumbi na mkono mwingine.

Hivyo ndivyo hadithi inavyokwisha, na ndivyo msimulizi alivyoimaliza kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye foleni ya mbegu na mbolea, na watu wote wakashika midomo. Na ndivyo alivyoimaliza juzi hapa, uani kwa Rahel, siku walipokusanyika kwa ajili ya mtoto wa pili wa Josia na Nyamizi. Wageni kutoka Ipililo walikuwapo. Ndalahwa alikuwapo, na sahani yake. Watu walikuwa kimya kwa mshangao, kama inavyotakiwa.

Rahel alikuwa akipita na birika la maji ya kunawa. Akasimama.

"Namhala, mzee wetu," alimwuliza msimulizi kwa upole, "hicho kisulisuli kilitoka upande gani?"

Msimulizi akasema Sola.

"Na Kampeni alikifuata kwa miguu?"

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Philomena, aliyekuwa akimpakata mjukuu, akasema kwa kweli yeye upepo huo hakuuona, ila Kampeni anamwona kila asubuhi anapomkamua. Amezaa mara mbili pale zizini kwa Maganga na bado analia kutwa nzima. Maganga akaitikia kwa kichwa, na safari hii akakiachia.

Msimulizi akaeleza kwamba huenda ni Kampeni mwingine. Akaeleza kwamba visulisuli vina tabia ya kurudisha vitu. Akawa anakaribia kuwapata, kwa maana ulimi wake nao si haba, ndipo Ndalahwa akaweka sahani chini na kunawa.

"Dalali hasahau kichwa cha kwanza," alisema. "Jiwe la Usukuma kweli. Kilishuka mpaka kofia ya kiwanda ikamdondoka kwenye mapaja mzee Erasmus huyu."

Watu wote wakaitazama kofia. Ilikuwa palepale, juu ya kichwa cha msimulizi, na maandishi yake yote. Kuivua ingekuwa kukiri, kuiacha ilikuwa vilevile. Rahel hakucheka. Alilitua birika, akakaa mbele yake kwenye kigoda, akamwambia hana kinyongo, kwa sababu habari ya kile kivuli ni ya kweli. Alimwuliza Josia waliporudi, na Josia akainuka akaenda kurekebisha baiskeli ambayo haikuwa imeharibika. Kwa kusikia hilo angetoa hata ng'ombe wawili. Lakini alikwenda Ipililo na wanane akarudi bila hata mmoja, asubuhi zake zimekuwa kimya, na kuna mtu aliapa hapa mbele za watu kwa mtamba mwekundu.

Kisha akafanya kama alivyowahi kuona kufanywa. Alinyamaza. Alinyamaza vizuri, mpaka mtoto akaacha kunyonya, na katika ule ukimya msimulizi akamwona mtamba wake akivuka barabara, akaona zizi tupu la mama wa watu, akaona mahali pa kufungia kamba pakiwa bado na alama ya shingo ya Kampeni.

"Nauliza tu," alisema Rahel. "Ni wangu?"

Kichwa cha mzee Erasmus kilishuka. Mwenyewe anasema ni nzi. Lakini Ndalahwa alikwisha kupiga makofi mara moja, kama anavyofanya mnadani bei ikifunga, na vijana wa Ipililo walikuwa wakicheka huku wakimnyanyua.

Alimfungua mtamba mwenyewe, akamvusha barabara akiwa ameshika kamba, kofia mkononi, umati mzima nyuma yake kana kwamba wanampeleka bibi harusi. Rahel akampokea, akampapasa mgongo, akamtazama meno. Wakamwuliza atamwitaje.

Akasema ataitwa Kisulisuli.